Kocha Wangu Alivyofaulu

Nilirudi Morogoro kumfelisha mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Kamati mpya ya klabu ya tenisi ilinipigia simu Arusha, ninakofanya kazi ya ukufunzi wa makocha, ikaniomba nije kuendesha kozi ya wiki moja. Mwishoni ningesema nani anafaa kufundisha watoto na nani hafai. Nikamuuliza mwenyekiti wanakozi ni akina nani. Akanitajia walimu wa michezo wa shule za mjini, vijana waliomaliza chuo majuzi, mwalimu mmoja kutoka Turiani, halafu akashusha sauti.

"Na mzee wetu wa pale uwanjani. Unamkumbuka?"

Nikasema namkumbuka.

"Yule ndiye anatupa kazi. Wazazi wa siku hizi wanataka kocha mwenye cheti. Asipofaulu hatafundisha tena, na asipofundisha, kile chumba cha nyuma ya uwanja anachokaa itabidi akiachie. Atarudi kwao Mgeta. Kwa magoti yale, kwenye milima ile, sijui."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuja. Nilipokata simu nilijikuta nacheka peke yangu jikoni.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha tenisi. Alianza kwa kuwaokotea mipira maofisa wa serikali na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakicheza pale jioni, akajifunza kwa kuwatazama, na baadaye akawa anawachapa wote. Mjini hapakuwa na kocha mwingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia amekosea. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu, mwekundu, ulioshindiliwa kwa rola la zege, na mistari ya chokaa ambayo mvua ikishuka kutoka mlimani iliifuta yote. Tulikuwa tunacheza kwa kukumbuka mstari ulipokuwa, na aliyekumbuka vizuri kuliko wote siku zote alikuwa Kocha. Mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinipeleka pale nikiwa darasa la tatu kwa sababu nilikuwa navunja sana vyombo nyumbani, akaona bora nikavunje vya wengine.

Mimi ni mashoto. Kwetu jambo hilo lilikuwa limeshamalizwa kabla sijajua kuvaa viatu. Ukipokea kitu kwa mkono wa kushoto, kinarudishwa: "Pokea vizuri." Ukila kwa kushoto, sahani inaondolewa. Ukiandika kwa kushoto, mwalimu anakuja na rula. Sikuona kama ninaonewa. Mtu mzima akikupa kitu ukamnyooshea kushoto umemtukana, kila mtoto alijua hivyo, nami nikajifunza upesi. Nikala kwa kulia, nikaandika kwa kulia, nikasalimia kwa kulia. Lakini hakuna aliyekuwa amenielekeza nifanye nini kitu kikinijia kwa kasi.

Siku ya kwanza Kocha alinikabidhi raketi. Nikaipokea kwa kulia, kwa adabu zote, na nikapiga goti kidogo. Akaona mtoto wa kulia. Kisha akanirushia mpira, raketi ikahama yenyewe, nikaupiga kwa kushoto, ukavuka neti na kudunda karibu na mstari wa nyuma. Wenzangu wakashangilia. Mimi mwenyewe nilishtuka kwa utamu wake. Katika yote niliyowahi kufanya kwa mwili huu, sijapata tena kitu kilichotoka kirahisi namna ile.

Kocha akaja mpaka mbele yangu. Hakukasirika, hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mama yako akikupa chai unapokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mpira huu nani kakupa?"

"Wewe, Kocha."

"Sasa mbona unanidharau?"

Watoto wakacheka. Nikacheka nao, nikidhani ni utani. Mara ya pili alinipiga vidoleni kwa ukingo wa raketi yake. Mara ya tatu alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua kipande cha tyubu alichokuwa amefungia mfuko wa mipira, akanifunga mkono wa kushoto kwa nyuma, kwenye mkanda wa sketi. Kisha akarudi upande wa pili wa neti na kuendelea kunirushia mipira kama kawaida.

Nilicheza hivyo muhula mzima na zaidi. Asiyewahi kukimbia akiwa amefungwa mkono mmoja hajui kwamba mkono huo ndio unaomzuia asianguke. Nilianguka sana. Siku moja nilianguka kifudifudi, kidevu kikapasuka, nikabaki pale chini nikionja udongo na damu. Kocha akasubiri upande wake, raketi begani.

"Inuka. Miguu hatujaifunga."

Watoto walicheka tena, na safari hii walikuwa na haki, maana yule mtu alikuwa na mdomo. Nikainuka. Mpira mwingine ulikuwa umeshakuja.

Nilidhani mama ataniokoa. Jioni moja alikuja kunichukua, akasimama kwenye uzio na mkoba wake uliojaa madaftari ya kusahihisha, akaniona nimefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nikasema moyoni, leo ni leo. Mama akamwamkia Kocha, akaulizia familia yake, halafu akamwambia, "Ahsante sana kunisaidia malezi. Huyu amenishinda." Kesho yake alinipa kipande cha khanga kuukuu nimpelekee Kocha, kwa sababu ile tyubu ilikuwa inaniachia alama mkononi. Huruma yake iliishia hapo.

Basi nikawa mchezaji wa kulia. Mzuri, si mzuri sana. Niliwashinda wasichana wote wa Morogoro, jambo ambalo si la kujisifia kwa kuwa tulikuwa wachache, nikapelekwa Dar es Salaam kwenye majaribio ya timu ya vijana. Wakati huo kiwiko cha kulia kilikuwa kimeanza kuuma, na ule ulikuwa mwanzo tu wa maumivu yake. Nilitolewa mapema. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikijifanya nafunga kamba za viatu pale mmoja wa makocha waliokuwa wakichagua timu, mwanamke wa makamo, aliponirushia chupa ya maji bila kuniita. Nikaidaka kwa kushoto. Akasimama akinitazama.

"Wewe ni mashoto."

"Nilikuwa."

"Nani kakuharibu?"

Aliuliza kama fundi anavyouliza juu ya pikipiki iliyokwisha kufunguliwa na fundi mwingine. Nikamwambia ni kocha wangu. Akaniambia bila kuzunguka kwamba kunirudisha nilikotoka kungechukua miaka, na kwa umri wangu miaka hiyo haipo. Kisha akaenda kumtazama msichana mwingine. Nilirudi Morogoro nikamwambia Kocha nimeshindwa, na yeye akaniambia sikukimbia vya kutosha.

Ndipo nikageukia ukufunzi, kazi ya watu kama mimi. Nilisoma kila nilichoweza kukipata, nilihudhuria kila kozi iliyonikubali, na leo husimama mbele ya makocha nikawaambia kwamba kocha anayeacha kujifunza amekwisha. Nasema hivyo kwa upole, nikiwa na chati ukutani. Watu huandika.

Kuhusu yeye nilikuwa nimejitengenezea maelezo, na maelezo hayo ndiyo yaliyonipa usingizi miaka yote. Nilijiambia kwamba hakuwa na uwezo wa kujua. Mtu aliyejifunza kwa kuokota mipira, bila kitabu wala mkufunzi, katika mji ambao mama mzazi wa mtoto anamshukuru kwa kumfunga, angejuaje? Kichwa chake kiliumbwa hivyo, hakifunguki. Nilimweka kundi moja na mvua na malaria, vitu vinavyompata mtu bila kumkusudia. Nilichokitaka Morogoro ni kuyaona maelezo yangu yakithibitishwa mbele za watu. Ashindwe kujifunza, nimfelishe, apande lori la mboga kwenda kwao Mgeta, tumalizane.

Asubuhi ya kwanza ya kozi nilimkuta amekaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi, kofia ameiweka magotini.

"Shikamoo, Kocha," nikasema, maana pale kwetu hakuna cheo kinachomwondolea mtu shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kukuona umekuwa mtu mkubwa. Mama hajambo?"

"Mama alishafariki, Kocha."

"Pole. Pole sana. Yule alikuwa mtu wa malezi hasa."

Nilitoka nje nikajifanya nazungumza na simu mpaka nilipoweza kurudi.

Wale vijana walikuja na miwani ya jua na maswali kuhusu posho. Walitaka kujua vyeti vitatolewa lini na kama mchana kuna nyama. Mzee aliuliza kuhusu watoto. Kwa nini mpira laini kwa mtoto mdogo? Neti ishushwe mpaka wapi? Mtoto akilia unafanyaje? Aliniita Mkufunzi, kila swali akalianza kwa "naomba kuuliza," na nikimjibu alitikisa kichwa taratibu kama anayeonja mchuzi. Kila alipouliza nilizidi kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee mbishi, na mzee mbishi hakutokea.

Kuna zoezi tunalolifanya katika kila kozi. Kila kocha anacheza kwa mkono wake usiojua, ili aonje anavyojisikia mtoto anayeanza. Ni zoezi fupi, la kuchekesha, na baada yake watu wanakunywa soda. Kwa ajili ya mzee nililirefusha. Wengine niliwaruhusu wakapumzike kivulini, yeye nikamwambia aendelee, nikawa namrushia mipira mwenyewe. Akazungusha raketi hewani, akakosa. Akakosa tena. Mpira ukampiga tumboni. Kijana mmoja alitoa simu akaanza kumrekodi, wenzake wakawa wanaangua vicheko, na mimi mkufunzi wa makocha, mwenye somo zima kuhusu heshima kwa anayejifunza, sikuwanyamazisha. Nilirusha mipira mpaka nilipoona miguu inamtetemeka. Nilijisikia vizuri sana.

Akakaa chini kwenye nyasi akahema. Aliutazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu, akiufungua na kuufumba.

"Kumbe inaumiza hivi," akasema.

Nilisimama nikisubiri. Nilikuwa na hakika amekumbuka, na sasa atainua uso na kunitazama.

"Mkufunzi, naomba kuuliza," akasema. "Mtoto akiwa hivi, unamwacha apumzike baada ya muda gani?"

Nikamjibu kilichoandikwa kwenye mwongozo, nikaenda kunywa soda yangu.

Siku iliyofuata nilifundisha somo ambalo ni langu mwenyewe. Halimo katika mwongozo wowote kutoka nje, kwa sababu waliouandika hawawajui watoto wetu. Niliwaambia: usimkabidhi mtoto raketi. Mtoto wa hapa ataipokea kwa kulia hata kama ni mashoto, ni adabu tu, na wewe utamjengea mchezo wake wote kwenye mkono usio wake. Mrushie mpira bila kumtahadharisha, uone anaudaka kwa mkono upi. Nilikuwa namtazama yeye nikisema hayo. Aliandika, kisha akanyoosha kidole.

"Naomba kuuliza. Na kama ataudaka kwa kulia kwa sababu mtu mzima anamwangalia?"

"Haiwezekani. Mpira una kasi, hapati muda wa kufikiri."

"Wengine wameshafunzwa mpaka hawahitaji kufikiri, Mkufunzi."

Nikamwambia somo hilo nimelifundisha mikoa mingi na halijawahi kushindwa. Akasema sawa. Nikaona kwamba haikuwa sawa, na kwamba alikuwa ameninyamazia kwa heshima.

Siku ya mtihani kila mwanakozi alipewa kikundi cha watoto wa shule ya jirani ambao hawakuwahi kushika raketi. Vikundi nilivipanga mimi. Siku moja kabla nilikuwa nimekwenda pale shuleni wakati wa mapumziko, nikasimama kwenye uzio kuwatazama wasichana wakicheza rede. Mmoja wao, mwembamba, mwenye soksi zilizoshuka, alikuwa anawalenga wenzake kwa mkono wa kushoto na hakuwa anakosa. Nikauliza jina lake. Nikamweka kikundi cha mzee. Mazoea ya maisha yake yote yangemtoka pale, mbele ya mwenyekiti na kamati nzima: angemkabidhi mtoto raketi, mtoto angepokea kwa kulia, na mimi ningekuwa na sababu ya kumfelisha inayoeleweka na kila mtu.

Hakumkabidhi mtoto yeyote raketi. Wala hakumrushia mpira yeyote, kama nilivyofundisha. Alizilaza raketi zote chini, karibu na ukuta wa klabu, akamwaga mipira laini kando yake, akawaambia, "Kila mtu achukue anayoitaka, apige ukutani. Mimi kuna kamba ya neti naenda kuifunga." Akawageuzia mgongo. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya neti, akainama, akaanza kuhangaika na kamba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeikaza asubuhi.

Watoto walitazamana. Kisha wakazivamia zile raketi. Yule msichana aliangalia kulia kwake na kushoto kwake kuona kama kuna mtu mzima anayemtazama, akaokota raketi kwa kushoto, akapiga.

Mzee aliendelea na kamba yake. Alisubiri mpaka watoto walipomsahau, ndipo akageuka taratibu, akawatazama kwa pembeni tu. Alipokwenda kwa yule msichana, mtoto alimwona anakuja, na upesi akahamishia raketi mkono wa kulia. Mzee akapiga magoti. Ilimchukua muda kufika chini, na uso wake ulionyesha gharama yake.

"Irudishe kule ilikokuwa," akamwambia.

Mtoto akatazama chini.

"Nyumbani utakula kwa kulia, mama asije akagomba. Hapa cheza kwa mkono wako. Hapa hakuna atakayekugombeza."

Mtoto akairudisha raketi kushoto, akapiga mpira ukutani, ukamrudia, akaupiga tena. Mzee akabaki amepiga magoti pale pale akimtazama, akicheka chinichini, kama mtu aliyepewa zawadi. Mwenyekiti aliyekuwa amesimama kando yangu alianza kupiga makofi.

Sijui kuna hasira gani nyingine inayofanana na niliyoisikia pale. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kukaa chini nilie mbele ya kamati. Aliweza! Wiki moja, mazoezi mawili matatu, na kile kichwa nilichosema hakifunguki kilikuwa kimefunguka kuliko changu, kikaenda mbali kuliko somo langu, kikaona mahali ambapo mimi, niliyefungwa mwenyewe, sikupaona. Basi hakuwa mvua wala malaria. Alikuwa mtu mwenye akili, tangu zamani, na siku zile angeweza kunigeuzia mgongo akafunge neti. Haikumpitia tu akilini kunifikiria.

Nilitafuta kosa. Nilitazama jinsi alivyopanga mipira, jinsi alivyowaacha watoto wapumzike, maji, kivuli, nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kosa halikuwepo. Nikatangaza mbele ya wote kwamba amefaulu, na kwamba ndiye aliyefanya vizuri kuliko wengine, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na kila mtu alikuwa ameona. Chumba chake kikabaki chake. Vijana walimnyanyua juu juu, yule aliyemrekodi akiwa wa kwanza.

Watu walipotawanyika alinifuata nikiwa nakunja chati zangu. Akanishukuru. Akaniombea dua ndefu iliyomtaja mpaka marehemu mama.

"Lile la kugeuka," nikamwambia. "Nani kakufundisha?"

"Si wewe? Siku ile ulipotuchezesha kwa kushoto. Vijana walikuwa wananitazama wanacheka, na kila wakinitazama nazidi kuharibu. Usiku nikafikiri: hata sisi watu wazima macho ya watu yanatufunga, sembuse mtoto."

Ndipo nikamwambia. Sikuwa nimepanga.

"Mimi ni mashoto, Kocha."

Akanitazama vizuri. "Wewe?"

"Ndiyo."

Nilimwona akitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, macho yake yakirudi nyuma miaka yote ile, kwa watoto wote wale, kwa yule mtoto wa Mwalimu aliyekuwa akianguka. Nikamwona anafika mwisho bila kukuta kitu.

"Masikini," akasema, na alihuzunika kweli. "Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo tangu lile benchi la Dar es Salaam, nimeyanoa, nimeyarudia bafuni na safarini, mengine yangemwangusha chini. Nilifungua mdomo, nikajisikia nikisema:

"Samahani, Kocha."

"Usijali, mwanangu," akaniambia, akanipigapiga begani. "Ulikuwa mtoto."